Nyumba Pana, Jirani Mwema na Kipando

 

Katika hadithi iliyopokewa na Imamu Ahmad, Mtume (S.A.W.) ametaja mambo yampayo mtu furaha hapa duniani: nyumba yenye wasaa, jirani mwema na kipando kinachostarehesha. Nyumba na jirani twavizungumza sana. Kipando hukipita haraka, kana kwamba kilitajwa kwa ajili ya wenye ngamia tu.

Hebu tumtazame baba mmoja wa Dar es Salaam, mfano wa wengi. Alichoka kupanga Manzese, akanunua kiwanja Chanika, akajenga vyumba vitatu na kuacha uwanja wa watoto kucheza. Kazi yake ipo Kariakoo. Hutoka alfajiri gizani, hurudi Isha imekwisha kuswaliwa, na Magharibi, ambayo wakati wake ni mfupi, humkuta amesimama ndani ya daladala kwenye foleni. Nyumba pana ameipata, ila haioni kwa mwanga wa jua isipokuwa Jumapili. Jirani hamjui jina. Ukimwuliza, atasema mji huu umemchosha. Kumbe hana ugomvi na mji, kilichomchosha ni barabara.

Bukhari na Muslim wamepokea kwamba Mtume (S.A.W.) aliiita safari kuwa ni sehemu ya adhabu, kwa vile humzuilia mtu chakula, kinywaji na usingizi, na akamwagiza msafiri aliyemaliza haja yake aharakishe kurejea kwa ahli zake. Hiyo ni safari ya mara moja moja, sembuse ya kila siku!

Hatuwalaumu wanaohamia pembezoni, kwani kodi za mjini hazina huruma. Mabasi ya mwendokasi yalipoanza mwaka 2016 kati ya Kimara na Kivukoni, wapo waliorudishiwa jioni zao, japo msongamano wa vituoni uliwatoa jasho. Hayo ni ya serikali. Yaliyo mikononi mwetu ni haya: ndugu anayetaka kiwanja asiende kukitazama Jumapili ndani ya gari la dalali. Apande daladala Jumatatu saa kumi na moja alfajiri, ahesabu muda, aangalie misikiti iliyopo njiani atakaposhuka kuswali Magharibi, kisha ndipo aulize bei. Na mkewe awe naye, kwani yeye ndiye atakayeshinda huko na watoto mchana kutwa.