Kwa Nini Fangasi wa Ubongo Huishinda Dawa Moja

Mtu anayeishi na VVU akiumwa kichwa wiki nzima, shingo ikakakamaa na mwanga ukamchoma macho, mara nyingi hutibiwa malaria kwanza, kisha taifodi. Siku zinapopita hivyo, huenda fangasi aitwaye kriptokokasi ameshafika kwenye utando wa ubongo. Fangasi huyu huishi kwenye udongo na kinyesi cha njiwa. Wengi wetu tumemvuta puani bila kujua, na kinga ya mwili ikamdhibiti. Seli za kinga ziitwazo CD4 zikishuka chini ya 100 kwa mikrolita ya damu, fangasi hupata mwanya. Kwa makadirio ya mwaka 2020, homa ya uti wa mgongo anayoisababisha huua watu wenye VVU wapatao 112,000 kwa mwaka, wengi wao Afrika kusini mwa Sahara.

Kwa miaka mingi hospitali nyingi za Afrika ziliitibu kwa flukonazoli peke yake. Ni vidonge vya bei nafuu na havihitaji dripu. Hata hivyo, katika tafiti nyingi, nusu au zaidi ya waliotibiwa hivyo walifariki ndani ya wiki 10. Ni rahisi kumlaumu mgonjwa kwamba alichelewa au aliruka dozi. Utafiti uliofanywa kwa wagonjwa wa Tanzania na kuchapishwa mwaka 2019 unatuonyesha sababu nyingine.

Fangasi kutoka kwa wagonjwa 20, walipooteshwa kwenye sahani za maabara zenye flukonazoli, walionyesha jambo moja: wengi hawakuota, lakini kwa kila mgonjwa walikuwapo wachache walioota, hata kabla ya matibabu kuanza. Kwa kawaida fangasi huyu hubeba nakala moja ya kila kromosomu. Mara nyingi hao wachache walikuwa na nakala ya ziada ya kromosomu namba 1, inayobeba jeni la kimeng'enya kinacholengwa na dawa, pamoja na jeni la pampu inayoitoa dawa nje ya seli. Dawa ikiondolewa, nakala hiyo hugeuka mzigo na fangasi huitupa. Ndiyo maana kipimo cha kawaida kinaweza kusema dawa inafaa, kumbe usugu umejificha.

Kwa waliopewa flukonazoli pekee, sehemu ya fangasi sugu iliongezeka. Kwa waliochanganyiwa na dawa nyingine iitwayo flusitosini, usugu ulizimwa. Kwa maneno mengine, mgonjwa hakuuleta usugu. Alikuja nao, na tiba ya dawa moja ikaupa nafasi ya kutawala. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Flusitosini huzuia fangasi kutengeneza vinasaba vyake. Nayo ikitumika peke yake hushindwa upesi, kwa hiyo kila dawa huilinda nyingine. Dawa ya tatu, amfoterisini B, hutoboa utando wa seli ya fangasi, ila aina yake ya zamani huumiza figo. Mwaka 2022, utafiti mkubwa uliofanywa Uganda, Malawi, Botswana, Zimbabwe na Afrika Kusini ulithibitisha kwamba dozi moja kubwa ya amfoterisini iliyofungwa kwenye mafuta, pamoja na flusitosini na flukonazoli kwa siku 14, hufanya kazi sawa na tiba ya awali na ina madhara machache zaidi. Shirika la Afya Duniani liliipendekeza mwaka huohuo.

Njia nyingine ni kumwahi fangasi kabla hajafika ubongoni. Kipimo cha tone la damu ya kidoleni hutosha kumgundua wiki kadhaa kabla kichwa hakijaanza kuuma. Nchini Tanzania na Zambia, kipimo hicho kikiambatana na kuwatembelea wagonjwa nyumbani, vifo vilipungua kwa asilimia 28, kwa mujibu wa utafiti wa mwaka 2015. Anayekutwa na fangasi kwenye damu lakini uti wa mgongo ukiwa salama, flukonazoli bado humsaidia.

Maarifa haya yametoka kwa wagonjwa wetu wenyewe, na wengine walifariki utafiti ukiendelea. Deni letu kwao linalipika: CD4 ipimwe kwa kila anayeanza au kurudia dawa za kufubaza VVU, na flusitosini iwepo kwenye stoo ya dawa ya kila hospitali ya wilaya, siyo kwenye mwongozo wa matibabu tu.