Tairi za Lori la Lafey

Lori linalotoka Nairobi na shehena ya sukari na unga kwenda Lafey hupita barabara mbili zisizofanana. Hadi Garissa ni lami, karibu kilomita 370, na gari linakwenda kwa kasi juani. Mbele, kupitia Wajir na Elwak, kuna sehemu linakokutana na kokoto, mawe yenye ncha, mchanga wa laga, yaani mito mikavu, na miiba ya migunga. Tairi ni zilezile. Mwenye lori akitaka kununua kwa mfuko wake mdogo, lazima azijue kazi hizo mbili kabla ya kuuliza bei.

Kinachobeba mzigo hasa ni upepo uliomo ndani. Tairi iliyobeba kilo 2,500 kwa upepo wa pauni 120 hukanyaga eneo la takriban sentimita 300 za mraba, nusu ya karatasi ya A4. Ukishusha hadi pauni 60, eneo hilo hukaribia kuwa maradufu, na hapo gari huvuka laga bila kuzama. Lakini upepo usiporudishwa, tairi hukunjika mno kila inapozunguka, na kila mkunjo huacha joto ndani ya mpira. Joto likizidi, meno hubanduka kwenye nyaya za chuma. Vipande vingi vya mpira vilivyotapakaa kando ya barabara kuu vilianza hivyo.

Ndiyo maana naumia nikiona dereva akitoa upepo adhuhuri kwa sababu geji imepanda. Tairi iliyosoma pauni 120 alfajiri, kwenye nyuzi 25, itasoma kama 138 ikifika nyuzi 65. Ni tabia ya gesi yoyote iliyofungiwa, na waliotengeneza tairi walishaihesabia nafasi. Ukitoa upepo huo, mkunjo unaongezeka na joto linapanda zaidi. Upepo upimwe asubuhi, tairi ikiwa baridi.

Meno nayo yana hesabu yake. Meno marefu, mapana, huhimili mawe ya Elwak, lakini unene wake huhifadhi joto kwenye lami. Kwa safari hii yafaa meno ya mchanganyiko, na mpira wenye asili ya mti kwa wingi. Mpira wa mti ukivutwa kwa nguvu, molekuli zake hujipanga kama fuwele na kuzuia mpasuko usienee. Pia hauchemki haraka. Hii ndiyo sababu tairi za malori bado zinautegemea, ingawa viwanda vina mpira wa kutengenezwa.

Sasa pesa. Tuseme tairi moja ni shilingi 30,000 na inakwenda kilomita 40,000, nyingine ni 50,000 na inakwenda 80,000. Ya kwanza inakula senti 75 kwa kilomita, ya pili chini ya senti 63. Mwenye fedha kidogo asinunue sita mbovu: aweke mpya mbili mbele, kwa kuwa ikipasuka ya usukani gari haliongozeki, kisha ritredi nzuri, yaani tairi zilizovishwa meno upya, nyuma. Nyuma, zinazokaa pamoja ziwe na kimo kimoja, la sivyo kubwa inabeba mzigo wa mwenzake. Asome pia tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT ubavuni: 1523 ni wiki ya 15 ya mwaka 2023. Mpira huzeeka hata ukiwa stoo.

Kuhusu rimu, wengi wanasifu aluminiamu na tairi zisizo na tyubu. Ni nyepesi, na kwenye lami zinaokoa mafuta. Lakini njia ya Lafey si mahali pa kutafuta kompresa yenye nguvu ya kukalisha tairi kwenye rimu, na aluminiamu iliyopasuka hainyoshwi kwa nyundo. Tairi ya 10.00R20 yenye tyubu, kwenye rimu ya chuma, tanboi, msaidizi wa dereva, anaitengeneza kwa vyuma viwili, kiraka na pampu. Kwa wanaokwenda huko, mimi ningeichagua hiyo.

Ila rimu hiyo hufungwa kwa pete, na pete isiyokaa sawa huruka kwa nguvu ya kuua wakati wa kujaza. Zungushia tairi mnyororo mzito, tumia mpira mrefu wa upepo, usimame pembeni, usiiname juu ya pete. Pete iliyopinda au kuliwa na kutu itupwe, hata kama spea yake iko Garissa.