Cheo, Nasaba na Hatimiliki: Nyumba ya Apolo Kagwa na Ardhi ya Buganda

Familia kubwa zenye ardhi katika Kampala na vilima vinavyoizunguka hazikuipata ardhi hiyo kwa njia moja, na anayetaka kuelewa zilivyojengeka hana budi kutenganisha mambo matatu yanayochanganywa mara kwa mara: nasaba, yaani mfululizo wa baba na mababu, cheo, yaani utumishi kwa Kabaka, mfalme wa Buganda, na hatimiliki, yaani waraka wa serikali unaomtaja mwenye ardhi. Nyumba ya Sir Apolo Kagwa, aliyekuwa Katikkiro, yaani waziri mkuu wa Buganda, kwa takribani miaka 36, inaonyesha jinsi cheo kilivyogeuzwa hatimiliki katika kizazi kimoja, na jinsi mgogoro uliotokana na mageuzi hayo ulivyoendelea kuwaandama waliokuja baadaye.

Kila Muganda huzaliwa katika ekika, yaani ukoo unaofuata upande wa baba na wenye mwiko wake, ambao huwa ni mnyama, mdudu au mmea usioliwa na wanaukoo. Ukoo hugawanyika katika matawi yaitwayo amasiga, nayo hugawanyika katika emituba, kisha ennyiriri, hadi kufikia enju, yaani nyumba ya watu wanaofahamiana kwa majina ya babu zao. Na katika shughuli rasmi mtu hutakiwa kulitaja jina lake, la baba yake na la babu yake, akipanda ngazi hizo hadi kwa mkuu wa ukoo. Kagwa, aliyezaliwa mnamo 1865, alikuwa wa ukoo wa Nsenene, ambao mwiko wake ni senene, na ambao kwa mujibu wa mapokeo wazee wake waliingia Buganda kutoka magharibi wakifuatana na Kabaka Kimera. Ukoo huo, kama koo nyingine zote, haukuwa na haki ya kudumu juu ya kiti cha enzi, kwa kuwa kwa desturi Kabaka huhesabiwa katika ukoo wa mama yake, na hivyo kila ukoo uliweza kutumaini kumzaa mfalme bila hata mmoja kuuhodhi ufalme.

Ardhi nayo ilishikwa kwa misingi tofauti. Butaka ilikuwa ardhi ya ukoo au tawi lake, mahali walipozikwa wazee, nayo ilisimamiwa na mutaka, yaani mkuu aliyerithi dhamana hiyo kutoka kwa mababu. Kabaka mwenyewe aliitwa Ssaabataka, mkuu wa bataka wote. Kando ya butaka ilikuwepo ardhi ya cheo, ambayo Kabaka alimpa chifu ili aitawale na kula mazao yake, na ambayo chifu huyo aliipoteza siku ile ile alipoondolewa. Mkulima wa kawaida alishika kibanja, yaani kipande cha kujenga na kupanda migomba, kwa ridhaa ya aliye juu yake, naye alikuwa huru kuhamia kwa bwana mwingine akionewa. Katika mpango huo chifu aliweza kuwa na maelfu ya watu chini yake leo, na kesho akawa hana hata mgomba mmoja wa kuwaachia wanawe.

Kagwa alipanda kwa njia ya cheo. Aliingia ikulu akiwa kijana mtumishi, akabatizwa Mprotestanti, akaponea chupuchupu mateso ya Wakristo ya mwaka 1886 chini ya Kabaka Mwanga, na baada ya vita vya kidini vya miaka ya 1888 hadi 1890 akawa Katikkiro. Mwanga alipoasi dhidi ya Waingereza na kuondolewa mwaka 1897, mwanawe Daudi Chwa, aliyekuwa na umri wa mwaka mmoja tu, aliwekwa kuwa Kabaka, na Kagwa akawa mmoja wa makaimu watatu wa mfalme, pamoja na Stanislaus Mugwanya na Zakaria Kizito Kisingiri. Kwa hiyo walioketi na Sir Harry Johnston, kamishna wa Uingereza, kutia saini Mkataba wa Buganda tarehe 10 Machi 1900 walikuwa machifu ambao wao wenyewe wangenufaika nao.

Kifungu cha 15 cha mkataba huo kiligawa ardhi iliyokadiriwa kuwa maili za mraba 19,600. Kabaka alipewa maili za mraba 350. Kila mmoja wa machifu 20 wa majimbo, yaitwayo masaza, alipata 8 kuwa mali yake na 8 nyingine za cheo. Kila kaimu alipata 16 za kwake na 16 za cheo. Na maili 8,000 zilitengwa kwa ajili ya machifu na wenye ardhi wengine 1,000, kwa kadirio la maili 8 kwa kila mmoja. Maili za mraba 16 ni ekari 10,240, na jambo jipya lilikuwa kwamba ekari hizo zingebaki kuwa za Kagwa hata akiacha ukatikkiro, angeweza kuziuza, na angeweza kuzirithisha. Aina hii ya umiliki, iliyopewa jina la mailo kutokana na kipimo hicho cha maili, haikuwahi kuwepo Buganda kabla ya siku ile.

Ugawaji wenyewe ulifanywa na Lukiiko, yaani baraza la ufalme, ambalo Katikkiro aliliongoza, na kila aliyepata fungu alichagua mahali pa kulichukua. Upimaji ulichukua zaidi ya miaka 30 na idadi ya waliopewa ikafikia karibu 4,000, lakini katika kuchagua huko machifu wengi walijitwalia ardhi zenye makaburi ya koo za watu wengine. Ndiyo maana miaka ya 1920 bataka, wakiwa na James Miti miongoni mwa viongozi wao, walidai warejeshewe butaka, wakisema kuwa waliolinda makaburi kwa vizazi wamegeuzwa wapangaji wa watu waliokuwa na cheo mwaka 1900. Serikali ya Uingereza ilikataa kuuvunja mgao huo mwaka 1926, mwaka ambao Kagwa alijiuzulu baada ya kugombana na maofisa wa kikoloni. Alifariki Nairobi mwaka 1927. Mwaka huo huo ilipitishwa sheria ya busuulu na envujjo, yaani kodi ya kibanja na fungu la mazao, iliyoweka kikomo cha kile ambacho mwenye mailo angeweza kudai na kumzuia kumfukuza mpangaji bila amri ya mahakama.

Kagwa, aliyenufaika na hatimiliki, ndiye pia aliyeandika nasaba. Kitabu chake juu ya wafalme wa Buganda kilitoka mwaka 1901 na kile cha koo za Baganda mwaka 1912, mbali na kitabu kilichohusu ukoo wake wa Nsenene. Hapa ulinganisho na makabaila wa Kirajput wa kaskazini-magharibi mwa India unasaidia. Familia za Kirajput zilizotawala mashamba yaliyoitwa jagir zilikuwa na watunza nasaba wa kurithi, waliotunza vitabu vya majina kizazi baada ya kizazi, na kwao nasaba ya shujaa wa kale ndiyo iliyohalalisha ardhi. Katika Buganda mambo yalikwenda kinyume: ardhi ya Kagwa ilitokana na kiti alichokalia mwaka 1900, na nasaba aliyoiandika ilimpa mwenye hati mpya mahali pa heshima katika historia ya zamani. Hatima zao pia ni tofauti, kwani jagir zilifutwa kwa sheria ya Rajasthan ya mwaka 1952, ilhali mailo ingali hai.

Mailo hata hivyo ilipungua kwa njia ya mirathi. Mtu mzima anapofariki, wanaukoo hukutana katika okwabya olumbe, yaani shughuli ya kumaliza msiba, ambapo omusika, mrithi, husimamishwa mbele ya watu, hufungwa vazi la gome la mti begani na kukabidhiwa mkuki akiwa mwanamume, huku dada wa ukoo aitwaye lubuga akisimama kando yake. Nafasi hiyo ni ya mtu mmoja na haigawanyiki. Ardhi, kwa upande wake, hugawanywa kwa wosia miongoni mwa watoto wengi, kisha wajukuu, na sehemu nyingine huuzwa. Ndiyo sababu wenye mailo waliongezeka kutoka takribani 4,000 hadi makumi ya maelfu katika miongo michache.

Nyumba ya Kagwa iliendelea kuguswa na suala la ardhi hata baada yake. Katikkiro Martin Luther Nsibirwa, aliyepitisha sheria ya kuwezesha ardhi kuchukuliwa kwa ajili ya upanuzi wa chuo cha Makerere, aliuawa kwa risasi mbele ya kanisa kuu la Namirembe tarehe 5 Septemba 1945. Aliyemrithi katika wadhifa huo ni Michael Kawalya Kagwa, mwana wa Apolo, aliyeongoza hadi 1950 na ambaye serikali yake ilitikiswa na ghasia za 1949, zilizoongozwa na watu waliolibeba upya jina la bataka.

Mwaka 1975 Rais Idi Amin aliifanya ardhi yote kuwa ya umma na kuigeuza mailo kuwa ukodishaji wa miaka 99, lakini Katiba ya 1995 iliirejesha mailo, na Sheria ya Ardhi ya 1998 ikaimarisha haki za wakaaji wa bibanja. Athari ya mgao wa 1900 inaonekana katika sura ya Kampala: Nakasero, iliyokuwa ardhi ya serikali ya kikoloni, ilipimwa na kukodishwa kwa viwanja, wakati Katwe na Kisenyi, zilizokuwa katika Kibuga, yaani mji wa Kabaka uliojengwa juu ya mailo, zilijaa wapangaji bila mpango wa pamoja. Kwa sababu hiyo mnunuzi wa kiwanja cha mailo leo haishii kwenye ofisi ya usajili kuthibitisha jina lililo kwenye hati. Huuliza pia ni nani msimamizi wa mirathi, ni nani mwenye kibanja, na kama pana makaburi, kwa kuwa kila moja ya maswali hayo linamhusu mtu ambaye mgao wa 1900 haukuifuta haki yake.