Vitasa vinavyojifunga vyenyewe: muda gani unafaa?

Vitasa vya kielektroniki vimevutia fedha nyingi. Mwaka 2017 ASSA ABLOY ya Sweden iliinunua August ya Marekani. Mwaka 2023 iliiuzia Fortune Brands vitasa vya kisasa vya nyumbani vya August na Yale kwa Marekani na Kanada, pamoja na bidhaa nyingine, kwa dola milioni 800.

Mnunuzi wa kawaida aangalie zaidi muda wa kujifunga. Ukiweka papo hapo, anayetoka kumwaga taka bila simu hubaki nje. Nusu saa nayo ni kumkaribisha mwizi. Dakika 2 hadi 5 zinatosha nyumba nyingi, mradi kuna ufunguo wa akiba au vibonyezo vya namba ya siri.

Kisichokuwa na kihisi cha mlango ni rahisi, lakini huhesabu dakika tu: komeo hutoka hata mlango ukiwa wazi, nawe ukiusukuma linagonga fremu. Chenye kihisi husubiri mlango ufungwe.

Umeme ukikatika hakuna tatizo, kwani hutumia betri. Lakini mlango uliopinda huichosha mota na kumaliza betri upesi, hivyo fundi anyooshe bawaba kabla ya kufunga kitasa.