Istilahi za Hifadhi ya Mimea: Kutoka Darasani hadi Shambani

Mwanafunzi anayesomea hifadhi ya mimea katika vyuo vya kilimo vya Tanzania, kama vile Uyole, Ukiriguru na Ilonga, hufundishwa kwa vitabu vya Kiingereza. Amalizapo masomo na kuanza kazi ya ugani, hana budi kuifanya kazi hiyo kwa Kiswahili. Baina ya darasa na shamba pana mto, na daraja la kuuvuka ni istilahi. Katika makala hii tumekusudia kueleza kwamba katika fani hii jina si pambo la elimu. Jina ndilo linalomwonyesha mkulima mahali pa kutazama na hatua ya kuchukua. Likikosewa, kazi nayo hukosewa.

Tuanze na neno mdudu. Katika mazungumzo ya kila siku neno hili limebeba mzigo mkubwa: huitwa mdudu nzige, huitwa mdudu kiini cha malaria, na hata mhogo unaooza ardhini husemwa kuwa umeingiwa na mdudu. Mwanafunzi wa hifadhi ya mimea hawezi kufanya kazi kwa neno pana kiasi hicho. Kwa ajili hiyo wataalamu hutumia neno kisumbufu, yaani kiumbe chochote kinachodhuru mimea au mazao, kiwe mdudu, kuvu, bakteria, virusi, gugu, panya au ndege kama kwelea kwelea. Hapo hudhihirika mambo mawili: si kila kisumbufu ni mdudu, wala si kila mdudu ni kisumbufu. Nyuki anayechavusha maua na nyigu anayetaga mayai ndani ya viwavi ni wadudu, lakini ni wasaidizi wa mkulima.

Faida ya kutenganisha maana hizi huonekana wazi katika zao la muhogo. Magonjwa yake mawili makubwa, batobato na michirizi ya kahawia, husababishwa na virusi na huenezwa na inzi weupe pamoja na vipando vilivyoambukizwa. Majina yote mawili ni mazuri, kwani kila moja humwelekeza mtu pa kutazama. La kwanza humpeleka kwenye majani yenye mabaka. La pili humpeleka kwenye shina, na humkumbusha kuchunguza mizizi, ambayo huweza kuoza ilhali majani yangali yakipendeza. Ugonjwa huu wa pili ulielezwa na H. H. Storey katika kituo cha Amani, Tanganyika, mwaka 1936. Mkulima akiambiwa kwamba ni mdudu, atakwenda dukani kutafuta cha kunyunyizia, na fedha yake itapotea bure, kwa maana hakuna kinachouponya mmea uliokwisha ambukizwa virusi. Akiambiwa kwamba ni virusi, ataelewa kwa nini anahimizwa kung'oa mimea migonjwa, kuchagua vipando safi na kupanda mbegu zinazostahimili.

Neno la pili ni dawa. Katika Kiswahili dawa ni kitu cha kuponya, na aghalabu mgonjwa asipopata nafuu huongezewa. Mkulima anayekiita dawa kile anachonyunyizia hushawishika kuzidisha kipimo, kuchanganya kwa mkono mtupu, au kuuza mboga siku ya pili baada ya kunyunyizia. Istilahi kiuatilifu haina kishawishi hicho. Imejengwa kwa kitenzi ua na neno tilifu, lenye maana ya kuharibu; basi ni kitu kinachoua kile kiharibucho. Neno hili limekwisha pata makao katika lugha ya serikali, kwani Sheria ya Afya ya Mimea ya mwaka 2020 ndiyo iliyounda Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania. Aidha, lina ndugu zake: kiuadudu, kiuakuvu na kiuagugu. Mwenye kuzitofautisha istilahi hizi hatanyunyizia kiuagugu juu ya mimea yake akitaraji kufukuza viwavi.

Tatu, yako majina ya visumbufu vyenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wakulima wa Tabora walikabiliwa na mgeni katika maghala yao, mdudu mwenye asili ya Meksiko na Amerika ya Kati, ambaye leo hujulikana kwa jina la dumuzi. Kabla yake walimzoea fukusi. Fukusi ana mdomo uliorefuka kama mkonga. Dumuzi ana mwili wa mviringo kama kipande cha kijiti, na kichwa chake kimeinamia chini kisionekane kutoka juu. Tofauti hii si ya kukariri kwa ajili ya mtihani tu. Pirimifosi-methili humwua fukusi vizuri lakini humshinda dumuzi kwa shida. Permethrini humfaa zaidi dumuzi. Ndiyo sababu viuadudu hivyo viwili vilichanganywa katika unga mmoja, na wakulima wakashauriwa kupukuchua mahindi kwanza, maana dumuzi hustawi zaidi penye magunzi.

Hali kadhalika viwavijeshi. Wale wa asili huandamana kwa makundi, na kwa sababu hiyo waliitwa jeshi. Mwaka 2017 waliingia Tanzania wengine kutoka mabara ya Amerika, wanaojificha ndani ya moyo wa mhindi na kuwatafuna hata magunzi machanga. Mtu anayengoja kuona jeshi likipita hatawaona. Neno vamizi lililoongezwa katika jina lao humzindua mwanafunzi atazame upya: kichwani alama kama herufi Y iliyopinduliwa, na karibu na mkia madoa manne meusi yaliyopangika kama pembe za mraba.

Mwisho, iko istilahi udhibiti husishi, ambayo ndiyo kiini cha mafunzo ya siku hizi. Kudhibiti si kutokomeza. Ni kukagua shamba, kuhesabu visumbufu, kupima hasara dhidi ya gharama, na kuhusisha mbinu mbalimbali, kama mbegu stahimilivu, usafi wa shamba, kilimo cha mzunguko na maadui asilia, kabla ya kufikia kiuatilifu.

Kwa maoni yetu, vyuo vinaweza kuanza na mambo mawili yasiyo na gharama kubwa. Kwanza, kila mwanafunzi atakiwe kueleza kwa Kiswahili sanifu kila kielelezo anachokusanya, mbele ya wenzake, kana kwamba yuko mbele ya wakulima. Pili, andiko la kielelezo hicho lionyeshe pia jina litumiwalo na wenyeji wa mahali kilipookotwa. Majina hayo yakikusanywa na kufikishwa kwa wasanifishaji, baraza la lugha litakuwa na ghala la kuchagulia, na mwanafunzi atakuwa ameuvuka ule mto kabla ya kutumwa kijijini.