Motokaa zisizopendwa nazo zina historia

Kwa miaka mingi, wapenzi wa magari wamekuwa wakikusanyika katika uwanja wa mbio za farasi wa Ngong, jijini Nairobi, kwa mashindano ya urembo wa magari yaitwayo Concours d'Elegance. Gari huoshwa na kung'arishwa hata sehemu za chini ambazo hakuna azionaye isipokuwa mwamuzi, kisha likapewa alama kama mwanafunzi. Sina ugomvi na mashindano hayo. Ila najiuliza, kama wajiulizavyo wengi wa rika langu tuliolelewa baina ya Ruiru na Thika: ni nani atakayelikumbuka gari ambalo hata lilipokuwa likitembea halikupendwa na mtu?

Nazungumzia zile motokaa za familia zilizotoka Uingereza katika miaka ya 1950 na 1960, na ambazo zilikuwa zingali zikikohoa katika barabara zetu miaka ishirini baadaye: Austin Cambridge, Morris Oxford, Hillman Minx na Hillman Hunter, Ford Anglia, Vauxhall Viva. Zilikuwa motokaa za walimu, makarani, wauguzi na wahubiri. Aghalabu zilinunuliwa zikiwa zimekwisha kutumika, kwa mkopo uliolipwa kwa uchungu. Tajiri hakuzitaka, na maskini hakuzimudu. Mwenye kuimiliki moja aliheshimiwa kwa kuwa na motokaa, kisha akachekwa kwa kuwa na ile aliyokuwa nayo.

Sababu ya kuchekwa haikuwa siri. Motokaa hizo zilibuniwa kwa ajili ya nchi yenye lami na baridi, zikaletwa katika nchi ya vumbi, mashimo na milima. Nazo zilikuwa na washindani wakali. Katika mashindano ya Safari Rally, ambayo kila mtoto wa Kenya aliyafuata redioni, Peugeot 404 ilishinda mwaka 1963, kisha ikashinda mara tatu mfululizo kuanzia 1966 hadi 1968. Mwaka 1970 na 1971 ikawa zamu ya Datsun. Ni kweli Ford Cortina ilishinda mwaka 1964, na wenye Cortina walilisema hilo kwa muda mrefu kupita kiasi. Lakini hukumu ya wananchi ilikuwa imekwisha kutolewa: Mfaransa ni wa safari, Mjerumani ni wa kudumu, Mjapani ni wa bei, na Mwingereza ni wa kusukumwa.

Mimi ni mtu wa isimu, si fundi, na huenda ndiyo sababu jambo la kwanza lililonivutia katika motokaa hizi lilikuwa majina yake. Mwishoni mwa miaka ya 1950, shirika la British Motor Corporation lilianza kuuza motokaa moja kwa majina matano. Ukiitaka kama Austin, unayo. Ukiitaka kama Morris, hiyo hapo. Vilevile iliuzwa kama MG, kama Riley na kama Wolseley, kila moja na mapambo yake na bei yake, ilhali bodi na mashine vilikuwa vya ukoo mmoja. Katika somo la semantiki huwa nawaambia wanafunzi kwamba visawe kamili ni adimu sana, na kwamba maneno mawili yakiwa na maana moja, hatimaye moja litahama au litakufa. Waingereza hao walijaribu kuyaweka hai matano kwa pamoja. Mwaka 1968 shirika hilo lilimezwa ndani ya British Leyland. Mwaka 1975 serikali ya Uingereza ikalazimika kuichukua British Leyland isiporomoke. Na mwaka 2005 mabaki yake ya mwisho ya maana, MG Rover, yakafilisika.

Je, ubaya ulikuwa wa motokaa zenyewe? Sidhani kwamba jibu ni rahisi hivyo. Hillman Hunter iliyodharauliwa huku ilipelekwa Irani, ikaundwa huko kuanzia mwaka 1967 kwa jina la Paykan, yaani mshale, na haikuacha kuundwa hadi 2005. Morris Oxford ya miaka ya 1950 ilihamia India, ikawa Ambassador, ikawabeba mawaziri na abiria wa teksi wa Calcutta, na kiwanda hakikufunga kazi hiyo hadi mwaka 2014. Hata hao Wajapani tuliowasifu walikuwa wanafunzi wa Mwingereza. Mwaka 1952 Nissan, wenye Datsun, walitia saini mkataba wa kuunda Austin nchini mwao, na mwaka uliofuata Isuzu wakaanza kuunda Hillman Minx. Kwa hiyo, Datsun iliyoipita Austin ya mwalimu kwenye mteremko wa mto Chania ilikuwa inampita mwalimu wake mwenyewe. Mwairani na Mhindi waliziunda kwao, wakazitengenezea vipuri kwao. Sisi tulizipokea zikiwa zimekamilika, na vipuri vilipokoma kuletwa hatukuwa na la kufanya.

Marehemu Baba alikuwa na moja. Jina la waliolitengeneza gari hilo nitalisitiri, kwa kuwa wao pia ni marehemu na marehemu hajibu mashtaka. Lilikuwa la rangi ya kijivu, na kibao chake kilikuwa na herufi tatu na tarakimu tatu, pasipo ile herufi ya mwisho tuliyoizoea siku hizi. Baba alifundisha Thika nasi tukiishi Ruiru, na kila asubuhi ya siku ya kazi gari hilo lilisukumwa. Nasema lilisukumwa bila kumtaja msukumaji, kwa sababu msukumaji hakuwa mtu mmoja. Walikuwako wachuma kahawa wakielekea shambani, wanafunzi, mwuza maziwa aliyeilaza baiskeli yake kando ya njia, na siku moja ya Jumapili mchungaji akiwa ndani ya joho lake. Baba aliketi kwenye usukani, akavuta choki, akatoa mkono dirishani na kupaza sauti, "Haya, wazee!" Na wazee, ambao wengine wao walikuwa na umri wa miaka minane, wakasukuma.

Mtaani petu huenda hapakuwa na mtu mzima aliyekuwa hajaliwekea mkono gari hilo. Na kwa kuwa walilisukuma, walilitumia. Liliwapeleka wajawazito hospitalini Thika usiku wa manane. Lilibeba maharusi, na jeneza mara mbili, juu ya paa. Lilibeba mbolea. Baba hakudai nauli, ila aliomba petroli pale alipoweza kuomba. Ndipo nilipoanza kusikia, nikiwa mtoto, jambo ambalo nililielewa baadaye darasani: majirani hawakusema "gari la mwalimu." Walisema "gari letu." Wenye Peugeot walikuwapo, na tuliwaheshimu, lakini Peugeot ya mwenyewe ilibaki Peugeot ya mwenyewe. Haikuhitaji mtu.

Gari la Baba lilisimama kabisa mwaka 1991. Ilihitajika sehemu moja ndogo ya gia, nayo haikupatikana Thika wala Nairobi. Miaka michache baadaye milango ya biashara ikafunguliwa, magari yaliyotumika ya Kijapani yakamiminika kutoka bandarini Mombasa, na hakuna aliyekuwa na sababu ya kutafuta tena sehemu hiyo.

Hivi karibuni nilimtembelea fundi mmoja mjini Thika, mzee ambaye aliwahi kulitengeneza gari hilo mara nyingi kuliko alivyolipwa. Ana wanagenzi wanne, na siku hiyo walikuwa wamefungua Toyota. Nilikaa juu ya tairi nikiwasikiliza. "Funga boneti." "Lete spana ya kumi na saba." "Angalia silensa." "Weka jeki kwenye buti." Maneno hayo yote ni ya Mwingereza. Mmarekani angetumia mengine kabisa: kwake boneti ni hood, na buti ni trunk. Motokaa ya Kiingereza imetoweka barabarani, lakini hakuna Toyota inayofunguliwa hapa nchini pasipo kutumia lugha iliyoletwa na Austin na Morris.

Wala hatukuyapokea maneno hayo tukiwa tumekunja mikono. Gari lenyewe tulikuwa tumekwisha kulipa jina kutoka India, na usukani tuliutoa chomboni, kwa mabaharia. Kinga ya matope iliyo juu ya gurudumu Mswahili aliisikia ikianza na sauti ya ma-, akadhani ni wingi, akaiita madigadi, na moja ikawa digadi. Kile kibao cha barabarani kilichomwamuru dereva ashike kushoto kikaingizwa katika ngeli ya ki-vi: kipilefti, vipilefti. Gikuyu nayo ikaichukua motokaa, ikaitia katika ngeli moja na miti, ikapata mũtokaa na mĩtokaa. Wataalamu wa lugha wamevifurahia vipilefti na madigadi kwa miaka mingi, wakaviandika vitabuni. Ni wachache waliokwenda gereji kuuliza yaliyobaki.

Nami nilimwuliza yule mzee. Alinitajia sehemu za mfumo wa kuwashia moto wa zamani, namna ya kupima pengo la pointi kwa wembe, namna ya kuusikiliza mlio wa kabureta kwa kuweka bisibisi sikioni. Wanagenzi wake walicheka. Hawajapata kuvuta choki maishani mwao, kwa maana injini za leo hujipimia petroli zenyewe. Mmoja alidhani mzee anazungumza kuhusu chaki. "Mwalimu," mzee akaniambia, "maneno haya nikifa nayo hakuna atakayejua kwamba yamepotea." Nimeanza kuyaandika katika daftari.

Mji wa Thika una haki ya pekee katika jambo hili. Katika miaka ya 1970, serikali yetu iliingia ubia na British Leyland, kikajengwa hapo kiwanda cha kuunganishia magari kwa jina la Leyland Kenya. Kilijulikana kwa malori, mabasi na Land Rover. Mwaka 1989 kikaitwa Kenya Vehicle Manufacturers, na mwezi wa Desemba 2016 kikazindua uunganishaji wa Volkswagen Polo Vivo. Yaani, wakati Mwingereza alipokuja kujenga nasi, zama za motokaa yake ya familia zilikuwa zimekwisha pita. Laiti angekuja miaka kumi na mitano mapema, huenda nasi tungekuwa na Ambassador yetu. Lakini hayo ni ya laiti.

Yaliyo mbele yetu ni ya vyuma chakavu. Tangu barabara kuu ya Thika ilipopanuliwa na kufunguliwa mwaka 2012, ardhi ya Ruiru imekuwa ghali, mikahawa imeng'olewa, na magorofa yanaota mahali pake. Nyuma ya nyumba nyingi za zamani palikuwa na gari bovu la Kiingereza chini ya mwembe au mparachichi, kuku wakitagia ndani. Plot ikigawanywa, gari huondoka kwa kilo. Hayo ndiyo yanayotukabili sisi ndugu. Shamba la Baba litagawanywa mwaka huu, na mnunuzi amekwisha kulitazama gari, akaligonga kwa kidole na kutaja bei ya kilo. Alikuwa karibu kulichukua mapema mwaka 2022, Serikali ikasimamisha biashara ya vyuma chakavu kwa sababu ya uharibifu wa mitambo ya umeme, na gari likapata nafuu ya miezi michache. Marufuku yalipoondolewa mwezi wa Mei, alirudi.

Kaka yangu mkubwa anasema, na hoja yake ina uzito, kwamba gari lisilotembea kwa zaidi ya miaka thelathini si gari bali ni kutu yenye milango. Kwamba fedha hizo zitalipa mpima ardhi. Na kwamba hata Baba mwenyewe hakulipenda. Hilo la mwisho ni kweli. Baba alilitukana kila Jumatatu. Lakini sioni kwa nini kupendwa kuwe ndicho kipimo cha kuhifadhiwa. Zile zilizopendwa zina wenyewe, zina uwanja wa Ngong na waamuzi wake. Hizi zetu ndizo zilizombeba Mkenya wa kwanza wa mshahara wa kati, aliyejenga shule na kulipa karo, na historia ya mtu huyo haijaandikwa vya kutosha. Sheria yetu hairuhusu kuingiza nchini gari lililozidi miaka minane. Likiyeyushwa hili, halitaagizwa jingine.

Pendekezo langu kwa familia, na kwa wengine wenye mzigo kama wetu, ni kwamba gari litolewe kwa chuo kimojawapo cha ufundi huko Thika, si lipambwe bali lifunguliwe mbele ya wanafunzi, na mafundi wa umri wa yule mzee walipwe kulieleza kipande kwa kipande huku sauti zao zikirekodiwa. Mzee amekubali. Ameuliza tu kama ile hendeli ya kuzungushia injini ingaliko, maana anasema wanagenzi wake hawatamwamini. Ipo.

Kikao chetu kimepangwa Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Wiki iliyopita jirani yetu mmoja, mama mzee ambaye mzaliwa wake wa kwanza alizaliwa Thika usiku uleule gari lilipomfikisha, alisikia habari za mnunuzi. Alikuja na mkongojo wake hadi langoni, akamwita kaka yangu kwa jina lake la utotoni, akamwuliza ni nani aliyewapa ruhusa ya kuliuza gari letu. Kaka yangu hakumjibu. Alimletea kiti.