NAKALA YA RANGI NI HAKIMU: TUICHAGUE VEMA



Hapa Rusizi, iliyokuwa sehemu ya mkoa wa Cyangugu hadi mwaka 2006, jasho letu huondoka likiwa ndani ya mifuko: chai ya Shagasha, saruji ya kiwanda cha CIMERWA na mchele wa bonde la Bugarama. Mnunuzi huuona mfuko kabla ya kuona kilichomo. Rangi aliyoizoea ikibadilika, hushuku kwamba mali ni ya bandia. Hapo lawama hutafuta mtu wa kumwangukia, na mara nyingi humwangukia aliyesimama kwenye mtambo wa chapa.

Kinga ya mfanyakazi huyo ni nakala ya majaribio. Hii ni nakala inayotolewa kabla ya mtambo kuchapa maelfu. Mteja huitazama, akiridhika hutia saini, na tangu hapo hiyo ndiyo kipimo cha kazi. Pasipo saini, hubaki neno la mteja dhidi ya neno la mfanyakazi, nasi twajua ni neno la nani litakaloshinda.

Zipo njia tatu kuu za kupata nakala hiyo.

Kwanza, kioo cha kompyuta. Ni njia ya haraka na nafuu, nayo yafaa kwa kusahihisha maneno na mpangilio. Lakini kioo hutengeneza rangi kwa mwanga, na mtambo hutengeneza kwa wino. Kioo huweza kuonyesha rangi ambazo wino hauziwezi kabisa.

Pili, mashine ya kunyunyizia wino inayoongozwa na kompyuta. Hii ndiyo iliyochukua nafasi ya nakala za filamu, kama zile za Cromalin zilizoletwa na kampuni ya DuPont mwaka 1972. Yafaa kwa kazi za rangi nne, yaani samawati, majenta, manjano na nyeusi, mradi mashine iwe imepimwa ifuate tabia ya mtambo utakaochapa. Kipimo cha kimataifa cha nakala hizi ni ISO 12647-7. Ukingoni mwa nakala huwekwa vipande vya rangi ambavyo hupimwa kwa chombo, si kwa macho peke yake.

Tatu, kuchapa kwa mtambo wenyewe. Ni njia ya gharama kubwa, kwani sahani hutengenezwa na mtambo husimamishwa kwa ajili ya majaribio tu. Hata hivyo, hakuna njia iliyo ya kweli kuliko hiyo.

Tuchague ipi? Tujiulize maswali matatu.

Kazi itachapwa juu ya nini? Mfuko wa karatasi ya kahawia hunyonya wino na kuifubaza rangi. Nakala iliyotolewa kwenye karatasi nyeupe ya kung'aa itamdanganya mteja. Kwa mifuko ya namna hiyo, wino upakwe kwanza kwenye kipande cha mfuko wenyewe, uachwe ukauke, ndipo saini itiwe.

Wino ni upi? Kijani cha pakiti ya chai huweza kupatikana kwa kuchanganya manjano na samawati mtamboni, au kwa wino wa kijani uliotengenezwa tayari. Mashine ya kunyunyizia haiwezi kuiga kila wino wa namna hii ya pili.

Mwanga ni upi? Rangi mbili huweza kulingana juani na kuachana chini ya taa. Mteja na mwendesha mtambo watazame chini ya mwanga mmoja. Mwanga uliokubaliwa kimataifa kwa kazi hii ni wa kelvini 5000.

Kwa hiyo, ndugu, tuombe mambo haya yaandikwe katika utaratibu wa kazi: kila nakala iwe na tarehe, saini, aina ya karatasi na jina la mashine iliyoitoa. Ihifadhiwe gizani, maana mwanga huichakaza. Mchoro ukibadilishwa hata kidogo baada ya saini, nakala ya zamani imekufa, na mpya itolewe.

Gharama ya nakala nzuri ni ndogo kuliko shehena ya mifuko iliyokataliwa. Mwenye kiwanda huokoa fedha, na mfanyakazi huokoa jina lake. Mtambo usianze kabla ya saini!